Jinsi ya kutunga sheria ndogo ya kijiji ili watoto wapate chakula likizo ya Desemba

Likizo ya Juni hainipi mashaka sana. Huku Buhigwe, mkoani Kigoma, Tanzania, ikifika Juni maharage ya msimu wa pili yameshapigwa, mahindi yako darini, na mtoto anayerudi kuchunga mbuzi hakosi kitu chunguni. Likizo ya Desemba ndiyo yenye njaa. Shule inafungwa mwanzoni mwa mwezi, mvua zimekolea, kila mwenye nguvu yuko shambani, chakula cha msimu uliopita kinakwanguliwa chini ya gunia na cha msimu huu bado ni majani. Mtoto aliyezoea kikombe cha uji shuleni anakaa wiki tano bila kikombe hicho.

Nimefundisha darasa la pili na la tatu miaka 27. Kila Januari nilikuwa nikiwaona. Sketi iliyomkaa mtoto vizuri Novemba sasa imefungwa kiunoni kwa kamba ya mgomba, na aliyefunga shule akisoma sentensi nzima amerudi anasinzia juu ya silabi. Nilipostaafu nikachaguliwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nikawekwa kwenye kamati ya huduma za jamii, ile ya elimu, afya na maji. Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma karatasi ambazo mtendaji wetu wa kijiji alikuwa amezifungia kabatini. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ambayo sasa ni Sura ya 287, inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kutunga sheria ndogo, mradi mkutano mkuu wa kijiji umesikilizwa na halmashauri ya wilaya imeidhinisha. Sisi tulikuwa tukiitumia kwa mifugo inayoingia mashambani na kwa usafi wa visima. Tumbo la mtoto hatukuwahi kulifikiria.

Ninachoandika hapa ni njia tuliyopita, pamoja na pale tulipokosea, ili nawe kwenye kijiji chako usipoteze mwaka kama tulivyopoteza sisi.

Kwa nini sheria, hiari haitoshi?

Mwaka 2023 tulijaribu hiari. Novemba tulipita nyumba kwa nyumba tukiomba. Waliotoa ni wale wale wanaotoa kila jambo likitokea, na wengi wao ni wajane. Tukapika uji siku sita, ukaisha kabla ya Krismasi.

Sababu ya pili tuliiona mwaka uliofuata, sheria ikiwa imeshapita. Novemba 27, 2024 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa nchi nzima. Mwenyekiti aliyelibeba jambo hili hakurudi, na zaidi ya nusu ya wajumbe walikuwa wapya, siku chache tu kabla shule hazijafungwa. Kama ingekuwa ahadi ya mwenyekiti, ingeondoka naye. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri, mahindi yalikuwa stoo, na mwenyekiti mpya alikabidhiwa nakala ya sheria pamoja na funguo. Desemba 10 sufuria zilikuwa mekoni.

Hesabu miezi kinyumenyume

Chakula kinaliwa Desemba. Kinakusanywa Juni na Julai, watu wakiwa nacho. Ili ukikusanye kisheria, lazima baraza la madiwani liwe limeidhinisha kabla ya hapo, na baraza hukutana kila robo ya mwaka. Ukikosa kikao cha Aprili au Mei, umekosa mavuno. Kabla ya baraza kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kabla ya kata kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao wa kawaida hukaa kila miezi mitatu. Kabla ya mkutano kuna vikao vya halmashauri ya kijiji vya kuandika rasimu. Ukirudi nyuma hivyo unajikuta Januari, na Januari ni mwezi mzuri wa kuanza, kwa sababu watoto bado wamekonda na kila mzazi bado anakumbuka alivyohangaika.

Daftari lenye safu tatu

Usianze na rasimu, anza na daftari. Keti na wenyeviti wa vitongoji, mmoja mmoja, upite nao kaya kwa kaya. Idadi ya shuleni pekee haitoshi, maana inakuambia nani ameandikishwa, haikuambii nani analala wapi Desemba. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: mtoto, mahali anapolala wakati wa likizo, na nani anampikia.

Safu ya kwanza ilinipa watoto 210. Safu ya tatu ilinihuzunisha, maana kwa watoto wengi nilijikuta naandika "anajipikia" au "dada yake wa miaka kumi". Lakini iliyobadilisha sheria yetu yote ni safu ya pili. Watoto 71 hawakai kijijini Desemba. Wako na wazazi wao kwenye mashamba ya bondeni, kwenye vibanda vya nyasi, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu. Ile 2023 tulipika uji shuleni tukidhani tunawalisha watoto wa kijiji. Theluthi yao hawakuuona hata kwa macho, na hao ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote.

Nina rafiki, mama wa Kikongo niliyefahamiana naye sokoni Kasulu wakati akiishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Siku hizi yuko Marekani na wanawe. Februari 2024 nilimsimulia kwa simu habari za daftari langu, akaniambia, "Dada, hata huku shule ikifungwa kuna watoto wanalala njaa." Likizo yao ndefu ni ya kiangazi, Juni hadi Agosti. Shule zao zinatoa chakula cha mchana kwa sheria ya tangu mwaka 1946, na kwa miaka mingi kumekuwa na vituo vya chakula wakati wa kiangazi, lakini mtoto alitakiwa afike kituoni, akae, ale pale pale. Mtoto wa shamba asiye na usafiri hafiki. Basi wakatunga sheria, ikasainiwa Desemba 29, 2022, yenye mambo mawili yaliyonigusa. La kwanza, vijijini chakula kinaruhusiwa kubebwa au kupelekwa hadi nyumbani. La pili, kuanzia kiangazi cha 2024 familia yenye kipato kidogo inapewa kadi ya kununulia chakula, dola 40 kwa kila mtoto kwa mwezi, jumla dola 120 kwa miezi mitatu. Ila kujiunga na mpango huo wa kadi kuliachwa kwa hiari ya kila jimbo, na mwaka huo wa kwanza majimbo kadhaa yalikataa, Iowa likiwa mojawapo. Watoto wa jimbo moja wakapata, wa jimbo la jirani wakakosa, na njaa ni ile ile.

Pesa kama hizo hatuna na wala sizitamani hapa. Nilichokichukua kutoka kwa rafiki yangu ni mambo mawili ya kuandika: chakula kimfuate mtoto aliko, na neno "inaweza" lisiachwe mahali panapohitaji "italazimika".

Maneno ya kuandika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijiji vingi vinapoanguka. Mnaweza kuwa na moyo mmoja kabisa, mkaandika sentensi moja legelege, na mtu mmoja mgumu akapita katikati yake.

Anza na neno "mtoto". Rasimu yetu ya kwanza ilisema "mwanafunzi". Mjumbe mmoja, mama mwenye duka dogo, akauliza: na yule kijana wa miaka 12 aliyeacha shule tangu baba yake afariki, anakuja kwenye foleni tunamfukuza? Na wa chekechea ambaye hajaandikishwa? Na watoto wa vibarua wanaovuka kutoka Burundi na mama zao kuja kulima, je? Tulinyamaza wote. Mwishowe tuliandika hivi, nawe unaweza kuyachukua maneno yetu kama yalivyo:

"Mtoto maana yake ni mtu yeyote mwenye umri wa miaka 3 hadi 15 ambaye siku husika yupo ndani ya kijiji au kwenye mashamba ya wakazi wa kijiji, awe ameandikishwa shule au hakuandikishwa."

Angalia maneno "siku husika yupo". Hayaulizi katoka wapi.

Kisha andika wajibu wa kaya. Elimu bila malipo iliyoanza 2016 iliondoa ada, lakini chakula cha mtoto wa kutwa kilibaki juu ya mzazi, kwa hiyo wengine watasema asiye na mtoto shuleni asiguswe. Sisi tulikataa. "Kila kaya yenye uwezo, iwe ina mtoto au haina, italazimika kuwasilisha kilo mbili na nusu za mahindi makavu na kilo moja ya maharage makavu kila mwaka, kati ya tarehe 15 Juni na tarehe 31 Julai." Taja kilo. Ukitaja debe utagombana na watu hadi unazeeka, maana debe la huyu limesukwasukwa na la yule lina kilele.

Andika misamaha papo hapo, kwa kuitaja: wazee wanaoishi peke yao, kaya zinazoongozwa na watoto, wenye ulemavu wasio na msaada, wagonjwa wa muda mrefu, na kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Usiseme "mwenyekiti anaweza kusamehe". Msamaha ukiwa mkononi mwa mtu mmoja unageuka fadhila, na fadhila ina bei yake.

Andika wajibu wa serikali ya kijiji yenyewe. Hili watu husahau. Wanawabana wananchi, wao wenyewe hawajibani. "Halmashauri ya Kijiji italazimika kutoa mlo mmoja kwa kila mtoto kila siku ya kazi katika kipindi chote cha likizo ya Desemba, ama kwenye kituo cha kitongoji, ama kwa mgao mkavu wa wiki kwa mtoto anayeishi mashambani."

Halafu andika kifungu ambacho kwangu mimi ndicho roho ya sheria nzima: "Mtoto hatanyimwa chakula, hatarudishwa, wala jina lake halitatajwa mbele ya watu kwa sababu ya kaya yake kutowasilisha mchango." Nimewahi kuona, miaka ya nyuma nikiwa darasani, watoto wakisimamishwa mstarini kwa deni la wazazi wao. Mmoja alijikojolea. Deni ni la mtu mzima, adaiwe mtu mzima.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwalimu asiguse mchango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, na mwalimu mkuu yeyote mwenye busara hatataka kuonekana anapokea gunia. Mpokeaji awe serikali ya kijiji, kwa stakabadhi ya kijiji. Shule mtaiomba jambo moja au mawili tu: matumizi ya jiko na sufuria. Iombeni kwa barua kupitia kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata, ili likizo isije ikawakuta mlangoni mkimtafuta mwenye ufunguo.

Adhabu ndiyo iliyotuaibisha. Tuliandika kwamba asiyetoa achukuliwe mbuzi. Mwanasheria wa halmashauri ya wilaya alikikata kifungu kile kwa kalamu nyekundu, akatueleza kwa upole kwamba kijiji hakina ruhusa ya kuchukua mali ya mtu bila amri ya mahakama. Anayekaidi anapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na huko ndiko anakotozwa faini. Mpelekee mwanasheria rasimu mapema, hata kabla ya mkutano mkuu, umuulize pia kiwango cha faini kinachoruhusiwa. Ni haki yenu, wala hakuna malipo.

Siku ya mkutano mkuu

Tangazo libandikwe siku saba kabla, na wenyeviti wa vitongoji wapite kwa mdomo pia. Usiweke mkutano siku ya soko. Usiuweke asubuhi wakati wa palizi, utapata wanaume waliokaa kijiweni tu. Sisi tuliuita saa tisa alasiri, akina mama wakaja na majembe begani.

Isome rasimu yote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, usifupishe. Kwetu aliyesimama kwanza alikuwa mzee mmoja anayeheshimika sana. "Mwalimu," akaniambia, "wajukuu zangu wote wako Dar es Salaam. Mimi nilishe wa nani?"

Nilikuwa nimeandaa karatasi ya manila, nikaibandika ukutani, nikahesabu mbele ya wote. Watoto 210, siku 22 za kupika, kila mmoja gramu 120 za mahindi: kilo 554. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukoboa na kuharibika: kilo 610. Maharage gramu 40 kwa mtoto: kilo 185, na ziada yake 203. Kaya zenye uwezo ni 280. Kila moja ikitoa kilo mbili na nusu za mahindi, tuna kilo 700. Hata kaya 35 zikigoma kabisa, tunabaki na kilo 612, na watoto wanakula hadi siku ya mwisho. Maharage vivyo hivyo, kaya 245 kwa kilo moja moja ni kilo 245, yanatosha na kubaki.

"Kwa hiyo, mzee wangu," nikasema, "tunakuomba kilo mbili na nusu kwa mwaka."

Akasimama tena. "Hizo panya wananilia kwa wiki. Andikeni jina langu liwe la kwanza."

Hesabu ndiyo iliyofanya kazi pale, nawe nakusihi usiende mkutanoni bila karatasi hiyo. Watu wanaogopa mchango usio na mwisho. Ukiwaonyesha mwisho wake, na ukawaonyesha kwamba umeshawahesabu hata watakaogoma, wanatulia.

Kura za mikono zihesabiwe na kuandikwa kwenye muhtasari, za kukubali na za kukataa. Orodha ya mahudhurio iwe na jina, kitongoji na sahihi au dole gumba. Igongwe muhuri siku hiyo hiyo. Faili letu lilikaa kwenye ofisi moja wiki tano kwa sababu tu orodha haikuwa na muhuri, na tuliponea chupuchupu kukikosa kikao cha baraza. Peleka nakala tatu, baki na ya nne, na umwombe diwani wako aijue hoja kwa kichwa kabla ya kusimama kuitetea. Ikishaidhinishwa, bandika sheria kwenye mbao za matangazo za vitongoji vyote, na isomwe tena kwenye mkutano unaofuata.

Kupima, kukausha, kutunza

Mzani uwe wa kijiji, na uwekwe mahali ambapo mtoaji anaisoma namba mwenyewe. Kila anayetoa apewe stakabadhi palepale. Leja ibaki na mtunza stoo, na kila Ijumaa jumla ibandikwe nje.

Kabla ya kupima, kagua ukavu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka; mrudishie mwenyewe akaanike, umwambie aje tena wiki ijayo, na umwambie kwa heshima. Mwaka wa kwanza tulimwonea mtu haya. Alileta mahindi mabichi, tukayapokea, tukayachanganya na ya wenzake. Agosti tulipofungua tulikuta ukungu, na tukafukia kilo 60. Sikulala vizuri usiku ule. Najua wapo wanaosema ukungu unaoshwa au unachekechwa, lakini sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa maji wala kwa moto. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara iliua watu waliokula mahindi yao wenyewe. Mtoto mwenye njaa asipewe hicho.

Yaliyokauka yatieni kwenye ile mifuko ya tabaka tatu inayokaza hewa. Wadudu waliomo hukosa pumzi na kufa bila dawa. Inafaa kwa maharage pia. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mlango uwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza stoo na mwingine kwa mjumbe wa kitongoji kingine, wasiwe ndugu.

Mawese tunanunua, kwa sababu huku juu milimani michikichi si mingi. Kijiko kimoja cha chai kwa mtoto ni zaidi kidogo ya lita moja kwa siku kwa watoto 210, hivyo dumu la lita 20 na lita tatu za juu zinamaliza likizo. Usiyadharau. Ile rangi nyekundu ndiyo inayompa mtoto vitamini A, nayo ipo hapa hapa Kigoma. Dagaa nunueni kuanzia Septemba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tangu Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na aliyekwenda sokoni Julai alirudi na kapu jepesi.

Kuni pia zina msimu wake. Zikusanywe Agosti, zipangwe chini ya paa. Kuni za Desemba zinatoa moshi na machozi, sufuria haichemki.

Kupika na kupeleka

Tulikuwa na vituo vitatu, kimoja kwa kila upande wa kijiji, uani kwa watu waliojitolea, chini ya mabati. Shuleni ni mbali kwa wadogo, na mto wa katikati hujaa ghafla. Mvua ikiambatana na radi, watoto waingie ndani, foleni isisimame chini ya mti. Wapishi wawe wanne kwa kituo, kwa zamu ya wiki, waliopimwa afya zahanati. Makande yaanze kuchemka alfajiri, mahindi yakiwa yamekobolewa na maharage yameloweshwa usiku kucha, ili saa saba mchana yawe tayari, maana watoto wakubwa wanatoka shambani saa hizo. Kila kituo kina orodha, na mtoto asiye kwenye orodha analishwa kwanza, anaandikwa baadaye.

Kwa wale 71 wa bondeni, mgao mkavu hutolewa Jumamosi, siku ambayo mzazi mmoja hupanda kuja sokoni. Mtoto mmoja ana gramu 600 za mahindi na gramu 200 za maharage kwa wiki, na mafuta kidogo kwenye chupa. Tulikata kopo kwa kulipima kwenye mzani, likajaa sawasawa na mgao wa mtoto mmoja, ili mama mwenye watatu aone akipimiwa makopo matatu. Anayepokea anaweka dole gumba.

Mjumbe mmoja alipinga sana. Alisema chakula hicho kitaingia kwenye sufuria la familia nzima na baba atakula. Nilimjibu kwamba ndiyo, baba atakula, na mdogo wake wa mwaka mmoja atalambishwa, na bado mtoto tuliyemwandika atapata zaidi ya alivyokuwa akipata tulipompikia uji mahali asipofika. Niliteremka bondeni mara mbili Desemba ile kuona kwa macho yangu. Kwenye kibanda kimoja nilimkuta msichana wa darasa la tatu akichambua maharage ya mgao juu ya ungo, amewakalisha wadogo zake wawili pembeni. Aliponiona alisimama akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu," kisha akaniambia kwamba ya Jumamosi iliyopita waliyamaliza Alhamisi. Hilo nililiandika, na mwaka uliofuata mgao wa bondeni ukahesabiwa kwa siku saba badala ya tano. Mchango hatukuuongeza.

Siku ya kufunga hesabu

Jumamosi ya mwisho kabla shule haijafunguliwa, kamati nzima ikutane stoo, mlango ukiwa wazi na yeyote anayetaka kuangalia aangalie. Pimeni kilichobaki, linganisheni na leja, andikeni pengo kama lipo na sababu yake. Januari ile, baada ya kuondoa yale tuliyoyafukia, mzani ulionyesha kilo 38 za mahindi na kilo 51 za maharage. Tulizikabidhi kwa kamati ya shule kwa maandishi, na asubuhi ya kwanza ya muhula saa nne watoto walikuta sufuria iko jikoni inachemka.